Barua ya wazi: Mwaka wangu wa Nairobi umeandikwa "aliahirisha"

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya elimu ya juu katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vyetu. Na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, Kampala.

YAH: MWAKA MMOJA WA MASOMO NCHI JIRANI KWA WANAFUNZI WA FALSAFA NA SIASA

Shikamooni wakubwa zangu. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwenye transkripti yangu ya shahada kuna mwaka mtupu. Mwaka wa kwanza upo na alama zake, wa pili upo, wa tatu upo. Katikati, 2017/2018, pana neno moja tu la kusema kwamba niliahirisha masomo. Kwenye usaili wangu wa kwanza wa kazi, mzee mmoja wa jopo alivua miwani akaniuliza kwa upole, "Binti, mwaka huu ulikuwa unaumwa?" Nikamjibu hapana, nilikuwa Nairobi nasoma. Akaitazama tena karatasi, mbele na nyuma. "Sasa mbona haijaandikwa?"

Usaili ulikuwa wa dakika kumi na tano na nje kulikuwa na foleni, nikashindwa kumjibu vizuri. Jibu lake ni barua hii, na nimeona niwaletee ninyi kwa sababu yule mzee hana uwezo wa kulirekebisha jambo hili. Ninyi mnao.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilisoma falsafa na siasa katika chuo kimoja cha hapa nchini. Jina lake naliacha, maana waliokuwa ofisini siku zile walifuata kanuni walizozikuta mezani, na wengine walinisaidia kuliko walivyopaswa. Nikiwa mwaka wa pili tuliletewa wageni watatu darasani, wawili Wamarekani na mmoja kutoka Denmark. Walikaa mwaka mzima. Walisoma nasi siasa za Afrika, wakajifunza Kiswahili mpaka wakawa wanabishana na makondakta wa daladala juu ya chenji, wakafanya mitihani yetu ileile. Kila mmoja alikuja na karatasi moja ambayo chuo chake kilikwisha kuisaini kabla hajapanda ndege: kozi hizi utakazosoma Tanzania tutazihesabu badala ya kozi hizi za kwetu. Mwisho wa mwaka mhadhiri alijaza alama, ofisi ikapiga muhuri, mambo yakaisha. Nilimuuliza yule wa Denmark kama alihangaika sana kupata ruhusa. Hakulielewa swali. Kwake ilikuwa kama kuhama bweni.

Nikaona kumbe inawezekana. Nikaenda ofisini kuulizia fomu. Mama wa mapokezi alinipokea kwa bashasha: "Unakwenda nje, mwanangu? Umepata ufadhili? Nchi gani?" Nikamwambia Nairobi. Bashasha ikamwisha palepale.

"Aa. Nairobi siyo nje."

Kauli ile nimeibeba miaka yote hii, kwa sababu mama yule alisema kweli. Kutoka Tanga, Mombasa ni karibu kuliko Dar es Salaam. Unavuka Horohoro, upande wa pili ni Lungalunga, na mwenye genge anakuuliza kwa Kiswahili utakula nini. Lakini nilipofika Nairobi, dirisha la malipo la chuo kilichonipokea liliniambia mimi ni mwanafunzi wa kigeni na malipo yangu ni ya kigeni. (Mtu wa kwanza kuniuliza kama nimelipa karo alinishtua. Kwetu karo ni shimo la maji machafu, na gari la kunyonya karo unalijua kwa harufu kabla hujaliona. Kule karo ni ada. Nilipoona kiasi chake nikaona maneno haya mawili ni ndugu.) Na niliporudi nyumbani na alama zangu, chuo changu kikaniambia kozi zile ni za nje, namba zake hazifanani na zetu, mfumo hauzipokei. Nairobi siyo nje unapoomba kwenda. Ukishakwenda inakuwa nje kuliko Denmark.

Baba mdogo aliuza pikipiki kwa ajili ya mwaka ule. Nilifaulu kozi nane. Zilihesabiwa sifuri, nikaanza mwaka wa tatu Oktoba 2018 kama mtu aliyekuwa amelala.

Najua mkubwa mmoja kati yenu atauliza: hasa alikwenda kusoma nini Nairobi ambacho hapa hakipo? Kama ni vitabu, vitabu ni vilevile. Naomba nimjibu.

Nilifika wiki ya mwisho ya Agosti 2017. Ijumaa ya Septemba 1 nilikuwa na wenzangu wapya kwenye kibanda cha chai, redio imefunguliwa sauti ya mwisho, Mahakama ya Juu inasoma uamuzi wa kesi ya uchaguzi wa Agosti 8. Jaji Mkuu David Maraga na wenzake, wanne kwa wawili, wakabatilisha uchaguzi wa rais. Kibanda kililipuka. Wengine walirukaruka, wengine walishika vichwa, mwenye chapati alisahau chapati zikaungua. Mimi nilibaki na kikombe mkononi, nikiwaza Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Ibara ile inasema mgombea akishatangazwa na Tume kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeiandika kwenye mtihani wa mwaka wa pili nikapata alama nzuri, kwa sababu desa langu, yaani notisi za kukariri, lilikuwa safi. Nilikuwa nimeikariri kama mtu anavyokariri kwamba Pangani ni mto: jambo lipo, limekuta watu, litaacha watu. Pale kwenye kibanda ndipo nilipoelewa, kwa mara ya kwanza na kwa mwili mzima, kwamba kuna watu waliokaa wakaamua iwe hivyo kwetu, na kuna watu wengine, safari ya basi moja kutoka hapo, walikaa wakaamua vingine. Hilo ndilo somo la kwanza la falsafa ya siasa. Kitabuni nilikuwa nimelisoma mara kumi. (Baadaye, mwaka 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha kwetu, ilisema ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Nilipoisikia habari hiyo sikuhitaji kuelezewa uzito wake.)

Tena msidhani nilikwenda kupumbazwa na demokrasia ya jirani. Mwaka ule ulikuwa mchungu. Uchaguzi ulirudiwa Oktoba 26, upande mmoja ukasusia, watu wakafa mitaani. Januari 30, 2018 kiongozi wa upinzani Raila Odinga akaapishwa Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi" na serikali ikazima vituo vikubwa vya televisheni. Machi 9 yeye na Rais Uhuru Kenyatta wakapeana mikono, na makomredi wangu waliokuwa hawasemezani tangu Agosti wakatazamana kama watu waliotapeliwa pamoja. Usiku mmoja bwenini waliniuliza, bila kejeli: "Nyinyi Watanzania mnafanyaje? Mbona kwenu kumetulia?"

Nikaanza kujibu kwa fahari. Lugha moja, Mwalimu, hatuulizani kabila. Nikiwa katikati ya maneno hayo nikakumbuka kwamba siku sita tu baada ya uamuzi wa Maraga, Septemba 7, mbunge wetu Tundu Lissu alipigwa risasi mchana kweupe Dodoma, na usiku uleule akapakiwa kwenye ndege kuletwa kutibiwa katika mji huohuo niliokuwa nimekaa nikijisifu kwa utulivu. Wenzangu walikuwa wanajua. Walisubiri nimalize. Sikumaliza.

Sina mtihani mwingine ninaoukumbuka kama ule. Haukuwa na alama, na hata ungekuwa nazo mfumo usingezipokea.

Sasa falsafa. Nairobi ndiko alikofundisha Henry Odera Oruka mpaka alipofariki mwaka 1995, na huwezi kusoma falsafa kule bila kukutana naye kila kona. Oruka alikwenda Uppsala, Sweden, akiwa kijana wa sayansi. Huko akaangukia mikononi mwa mwanafalsafa Ingemar Hedenius, akahama njia, akaendelea Marekani, kisha akarudi. Na aliporudi alifanya jambo ambalo asingelifanya kama asingetoka: alichukua daftari na kinasa sauti akaenda vijijini kuwahoji wazee kuhusu Mungu, kifo, usawa, mwanamke, uhuru. Akiwatafuta hasa wale wanaoweza kusimama dhidi ya mila zao wenyewe na kutoa sababu. Mmoja wa wazee aliowaandika kuwa ni wahenga ni baba yake mzazi, Oruka Rang'inya. Nadhani ilibidi aende Uppsala ili aweze kumsikia baba yake kama mwanafalsafa. Nyumbani alikuwa baba tu.

Mhadhiri wetu alitufundisha hayo kwa kesi ya S.M. Otieno. Wakili wa Nairobi, Mluo, alifariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Maiti ilikaa miezi mahakama ikibishana, na Oruka mwenyewe aliitwa kutoa ushahidi. Ukoo ulishinda. Darasani kwetu, miaka thelathini baadaye, kesi ilianza upya. Msichana wa Nyeri alisema haki ya mke. Kijana wa Siaya alisema haki ya marehemu na waliomtangulia. Na mimi mtu wa Tanga, ambaye ndugu zangu wengi ni Waislamu na maiti kwetu hailali siku mbili, nilikuwa nashangaa jambo lingine kabisa: kwamba Kiingereza kina neno moja la kile mtu anachostahili kudai na neno jingine la uamuzi ulio sawa, ilhali sisi tunalo moja tu, haki. Anayedai anadai haki, anayehukumu anatenda haki. Mghana Kwasi Wiredu alishauri kwamba ukikutana na tatizo la kifalsafa ulijaribu kwa lugha ya mama yako, uone kama bado ni tatizo. Tulilijaribu. Tulibishana kwa Kiswahili cha namna nne mpaka mlinzi akaja kuzima taa, na mpaka leo sijui kama kuwa na neno moja ni upungufu wetu au ni busara. Darasani kwetu Tanzania swali hilo lisingezaliwa, kwa sababu hapakuwa na wa Nyeri wala wa Siaya.

Mwanafunzi wa kemia ana maabara, wa udaktari ana wodi. Wa falsafa na siasa maabara yake ni nchi nyingine, mahali ambapo jambo unalolichukulia kuwa ni hewa, wenzako wanaliona ni kitu. Wakubwa wetu walilijua hilo. Mwalimu alikwenda Edinburgh mwaka 1949, Nkrumah akasoma falsafa Pennsylvania, Alexis Kagame wa Rwanda akaenda Roma ndipo akaandika falsafa ya Kinyarwanda. Kila mmoja aliiona nyumba yake akiwa nje ya uzio. Shida ni kwamba njia zote hizo zilielekea kaskazini. Kenyatta na Nkrumah ilibidi wakutane Manchester mwaka 1945. Na bado iko hivyohivyo: komredi mmoja wangu, mwenyeji wa Kisumu, alitaka kuandika juu ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, akatafuta namna ya kuja kusoma mwaka mmoja Dar es Salaam, hakupata hata pa kuuliza. Ya kwenda Uholanzi aliipata. Akausomea Muungano wetu kwenye maktaba ya Leiden, ananitumia ujumbe usiku kuniuliza Kiswahili cha nyaraka.

Lakini kuna wakati njia hizo zilipita kwetu wenyewe, na hapa ndipo ninapokasirika kidogo, mniwie radhi. Tangu Juni 1963 mpaka Juni 30, 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, Mkuu wake akiwa Mwalimu Nyerere. Sheria ilikuwa Dar, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Mkenya aliyetaka kuwa wakili alikuja Mlimani, yaani tawi la Dar es Salaam, na shahada aliyopata ilikuwa ya chuo kilekile ambacho daktari wa Kampala alikuwa nacho. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa kwanza chini ya Katiba mpya ya Kenya, alisomea sheria pale. Yoweri Museveni aliingia mwaka 1967 kusoma uchumi na siasa, akaongoza chama cha wanafunzi wanamapinduzi, akaenda na wenzake Msumbiji kuona maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO. (Mwaka 1986 aliingia Ikulu akisema tatizo la Afrika ni viongozi wanaong'ang'ania madaraka. Mlimani ilitoa elimu, dhamana ya matumizi haikutoa.) Walter Rodney kutoka Guyana alikuwa anafundisha historia. Wanafunzi walikuwa na jarida lao, Cheche, lililoanza 1969 na kupigwa marufuku 1970, na walikuwa na madarasa yao ya Jumapili ya kusoma na kubishana, ambayo hayakuwa na krediti hata moja.

Na mwaka 1971 rais wa serikali ya wanafunzi pale Mlimani alikuwa Mkenya, Symonds Akivaga. Naye aliandika barua ya wazi kwa uongozi wa chuo. FFU, polisi wa kutuliza ghasia, walikuja kumchukua kampasi, akarudishwa kwao. Natumaini yangu mtaipokea kwa utulivu zaidi. Lakini mimi kinachonigusa katika habari ile ni kitu kidogo kinachopitwa: kwamba wanafunzi Watanzania walimpigia kura Mkenya awe rais wao, na alipochukuliwa wakasimama upande wake. Chuo kile kimoja kilikuwa kimekwisha kuvunjwa mwaka mmoja nyuma. Hayo yalikuwa mabaki yake.

Sasa, msiniambie kwamba hakuna sheria. Karatasi mnazo, tena nzuri. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 1, 2010, Ibara ya 11 inawataka mtambuliane vyeti na sifa za kitaaluma. Mwaka 2015 mkapitisha mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu. Mei 20, 2017, Wakuu wa Nchi wakikutana Dar es Salaam, wakaitangaza Jumuiya nzima kuwa eneo moja la pamoja la elimu ya juu. Mimi nilivuka Horohoro miezi mitatu baada ya tangazo hilo. Kwa hiyo kisheria sikutoka nje hata kidogo. Nilihama chumba ndani ya nyumba moja, nikalipa ya mgeni, nikarudi nikaambiwa nilikuwa nimelala.

Ninachoomba ni kidogo kuliko itifaki zote hizo. Naomba ile karatasi ya yule mtoto wa Denmark.

Ni karatasi moja yenye saini tatu, ya mwanafunzi, ya chuo anakotoka na ya chuo anakokwenda, inayosainiwa kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi. Inasema kozi zipi kule zitasimama badala ya zipi huku. Ulaya walianza mpango wao mwaka 1987 na wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11, wakauita kwa jina la mwanafalsafa, Erasmus wa Rotterdam, aliyetangatanga miji na vyuo vya bara lake maisha yake yote. Kanuni ya ada ni nyepesi mno: mwanafunzi analipa nyumbani kwake, na chuo kinachompokea hakimtozi. Mmoja anakwenda, mmoja anakuja, kitanda hakibaki kitupu. Haihitaji mfadhili. Na kama mwanafunzi ana mkopo wa serikali, mkopo umfuate kama kivuli, bumu lake, yaani fedha ya kujikimu, alipate Nairobi kama ambavyo angelipata akiwa hosteli ya nyumbani.

Mtasema miaka haifanani. Ni kweli: mwenzangu wa Kenya anasoma miaka minne kwa sababu hakupita kidato cha tano na sita, mimi nasoma mitatu, krediti 360. Lakini hakuna anayeomba kubadilishana shahada nzima. Tunabadilishana mwaka, na mwaka una saa zake za kusoma, zihesabuni. Wakenya wenyewe wameingia kwenye mtaala mpya ambao chuo kikuu kitakuwa miaka mitatu, kwa hiyo hata kisingizio hicho kina tarehe yake ya kufa.

Anzeni na falsafa na siasa. Uhandisi una bodi, udaktari una baraza, sheria ina shule yake, na kila mmoja ana haki ya kuogopa. Sisi hatuna leseni ya kulinda. Hakuna daraja litakaloanguka kwa sababu nilisoma mantiki Nairobi badala ya Dar. Wanafunzi kumi kutoka kila chuo kwa mwaka wanatosha kuanzia, na hata watano mkisema watano tutashukuru.

Kuhusu Kongo, iliyoingia Jumuiya mwaka 2022, najua mtasema lugha. Mihadhara ya Lubumbashi ni ya Kifaransa, na hilo si dogo. Ila nje ya ukumbi Lubumbashi inaongea Kiswahili, chao, ambacho nitakicheka na wao watakicheka changu, na hapo ndipo mjadala unapoanza. Anayetaka kwenda kule apewe muhula wa Kifaransa kwanza. Bujumbura vilevile.

Kuna hofu nyingine ambayo haiandikwi kwenye majibu ya barua lakini ipo: kwamba watoto wakienda kwa jirani watarudi na siasa za jirani. Wakenya wataambukizwa utulivu wetu, sisi tutaambukizwa maandamano yao. Kwa uzoefu wangu mambo huenda kinyume. Azimio la Arusha nililisoma kwa dhati Nairobi, kwa sababu wenzangu walinikalisha chini nilitetee na nikakuta sijui zaidi ya vichwa vya habari. Nilimpigia simu babu yangu, aliyeishi kijiji cha ujamaa Handeni, nikamhoji saa nzima kwa muda wa maongezi wa Kenya. Aliniambia mambo mazuri na mambo mabaya. Kabla ya hapo sikuwahi kumuuliza. Alikuwa babu tu.

Transkripti zangu ninazo mbili. Moja ya hapa, yenye mwaka mtupu, na moja ya Nairobi, yenye kozi nane na muhuri wa bluu ambao haujawahi kutazamwa na mtu yeyote mwenye mamlaka. Siombi zangu zihesabiwe sasa, nimeshahitimu na kazi nilipata. Lakini mwaka huu nina mdogo wangu kidato cha sita, anataka kusoma falsafa na siasa, na ameniuliza kama fomu ya Makerere ipo. Nimemwambia asubiri nijibiwe barua. Mkiniita Kampala nitakuja na karatasi zote mbili.

Wenu katika ujenzi wa Jumuiya,

Mhitimu wa falsafa na siasa,
Tanga.